Wingi wa Mifugo na Uhakika wa Kitoweo: Mifumo ya Ufugaji Inavyokutana Ilala

Mifumo ya ufugaji duniani inatofautiana kwa mengi, lakini linaloitenganisha zaidi ni moja: mnyama anakula nini, na chakula hicho kinatoka wapi. Katika ufugaji wa malishoni, ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia huishi kwa nyasi na majani ya porini, naye mfugaji hufuata mvua. Katika ufugaji mseto, zizi na shamba hulishana: mabua, pumba na majani ya migomba huenda kwa mnyama, kisha samadi na nguvu za maksai hurudi shambani. Katika ufugaji wa mabandani wa kibiashara, kuku, nguruwe na ng'ombe wa maziwa hufungiwa ndani na kulishwa chakula cha kununua. Mgawanyo huu ulienezwa mwaka 1996 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) kupitia kazi ya Carlos Seré na Henning Steinfeld, na mpaka leo wataalamu wengi huanzia hapo.

Mwaka huohuo, Mkutano wa Dunia wa Chakula uliofanyika Roma ulikubaliana kuwa usalama wa chakula ni hali ya watu wote, wakati wote, kuweza kupata chakula cha kutosha, salama na chenye lishe. Maana hiyo ina nguzo nne: chakula kiwepo, kifikike kwa bei, kijenge mwili, na kisikatike. Hakuna mfumo wa ufugaji unaozibeba zote nne sawasawa.

Wilaya ya Ilala jijini Dar es Salaam, yenye watu zaidi ya milioni 1.6 kwa sensa ya 2022, ni mahali ambapo mifumo yote mitatu hukutana. Ng'ombe wa malishoni hushushwa kwenye malori katika mnada wa Pugu na kuchinjwa Vingunguti. Kuku wa kienyeji wa wakulima wa bara hufika katika masoko ya Kisutu na Kariakoo wakiwa kwenye matenga. Kuku wa kisasa hutoka kwenye mabanda ya Kitunda, Chanika na pembezoni mwingine mwa jiji, na wenye mabanda hayo hurudi katikati ya mji, kwenye maduka ya pembejeo yanayolizunguka soko la Kariakoo, kununua dawa, chanjo na vyombo vya maji. Mlaji wa Ilala anakula matunda ya mifumo mitatu, hata kama hajawahi kuona zizi.

Ufugaji wa malishoni

Mfumo huu ndio unaokalia eneo kubwa kuliko mingine yote. Unaenea kutoka nyika za Mongolia hadi ukanda wa Sahel, kutoka Pembe ya Afrika hadi nchi ya Wamaasai, Wabarbaig, Waborana na Waturkana. Msingi wake ni uwezo wa wanyama wanaocheua kugeuza nyasi, ambazo tumbo la binadamu haliziwezi, kuwa nyama na maziwa. Utafiti wa FAO uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa asilimia 86 ya chakula chote cha mifugo duniani ni vitu ambavyo binadamu hawezi kuvila. Sehemu kubwa yake ni nyasi na masalia ya mazao. Penye mvua ya kubahatisha, pasipoota mahindi kila mwaka, ng'ombe na mbuzi ni njia muhimu ya kuvuna chakula katika ardhi hiyo bila kuiharibu.

Kuhama si ukosefu wa mpango. Mvua ya nyikani hunyesha hapa ikaacha pale, na mwenye kundi anayeweza kuliondoa huokoa mali yake. Wamaasai hutenga alalili, malisho ya akiba yaliyo karibu na boma kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu, na vijana hupeleka kundi kubwa kwenye ronjo, kambi za muda za mbali. Wasukuma wana ngitili, eneo linalofungwa masika ili nyasi zisimame hadi kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986 katika mkoa uliokuwa unageuka jangwa, ulifanikiwa kwa sababu uliijenga kazi yake juu ya desturi hiyo ya ngitili. Mamia ya maelfu ya hekta yalirudisha miti na majani.

Sehemu kubwa ya nyama ya ng'ombe inayoliwa Dar es Salaam hutokana na zebu wa pembe fupi wa mfumo huu. Anayesafirishwa kutoka Shinyanga husafiri karibu kilometa 1,000. Kabla ng'ombe hajapakiwa, mwenye mzigo huhitaji kibali cha kusafirisha mifugo. Njiani ng'ombe hupungua uzito, na anayelala chini ndani ya lori huweza kukanyagwa na wenzake. Pugu dalali humzunguka mnyama, humtazama nundu, mgongo na mapaja, kisha bei hukadiriwa kwa macho. Ukadiriaji huo humuumiza mfugaji, maana aliyemlisha mnyama vizuri hana kipimo cha kumthibitishia mnunuzi. Mizani mnadani ni jambo dogo, lakini ndiyo humwambia mfugaji kwamba kilo ya ziada ina malipo yake.

Udhaifu mkubwa wa mfumo ni ukame. Kati ya 2020 na 2023 Pembe ya Afrika ilikosa mvua misimu mitano mfululizo, na Kenya peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5. Kwa kaya ya Marsabit au Turkana, ng'ombe anapokufa maziwa ya watoto hukatika siku hiyohiyo, na benki ya familia hufilisika pamoja naye. Ndiyo maana mwaka 2010 bima ya mifugo inayotumia picha za satelaiti kupima ukijani wa malisho ilianzishwa Marsabit kwa uongozi wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI. Bima hiyo haingoji daktari ahesabu mizoga. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, fidia hulipwa.

Ufugaji mseto

Huu ndio mfumo unaolisha watu wengi zaidi. Katika nchi zinazoendelea, mashamba yanayochanganya mazao na mifugo hutoa sehemu kubwa ya maziwa na nyama, na duniani hutoa karibu nusu ya nafaka. Mchango wa ng'ombe hauishii kwenye maziwa. Usukumani jembe la kukokotwa na maksai huamua ukubwa wa shamba la pamba na mahindi. Katika kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchagga, ng'ombe wa ndani hula majani ya migomba na nyasi zilizokatwa mabondeni, naye hurudisha samadi inayoshikilia rutuba ya migomba na kahawa.

India imeonyesha mfumo huu unaweza kufika wapi. Ushirika wa maziwa ulioanzia Anand mwaka 1946, na ukajulikana kwa jina la Amul, ukawa mfano wa mpango wa taifa ulioanza 1970 chini ya Verghese Kurien. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 India ilikuwa nchi inayozalisha maziwa mengi kuliko zote, na wazalishaji wake wengi walikuwa wenye ng'ombe au nyati wawili watatu. Kilichobadilika kwanza kilikuwa kituo cha kukusanyia maziwa kijijini, kipimo cha mafuta, na malipo ya uhakika. Kenya nayo imejenga tasnia ya maziwa ambayo sehemu kubwa yake iko mikononi mwa wafugaji wadogo. Nchini Tanzania, Tanga Fresh imesimama tangu miaka ya 1990 juu ya vyama vya ushirika vya wafugaji wa mkoa huo, lakini maziwa yanayofika viwandani kitaifa bado ni asilimia chache tu ya yanayokamuliwa. Mengine hunywewa nyumbani, huuzwa kwa jirani, au huharibika masika barabara zinapokatika, wakati rafu za maduka ya mjini zimejaa maziwa ya unga kutoka nje.

Kuku wa kienyeji naye ni wa mfumo huu. Hujitafutia wadudu na punje, hulala jikoni au mtini, na huwa chini ya mamlaka ya mama wa nyumba, jambo lenye uzito mkubwa, kwa kuwa fedha ya kuku na mayai haisubiri idhini ya mwenye ng'ombe. Adui yake ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kinapoingia kijijini huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Kinga ipo na ni nafuu: chanjo ya I-2 inayostahimili joto, ambayo Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania huitengeneza nchini. Hutolewa kwa tone moja la jicho, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mama mmoja aliyefundishwa huweza kuchanja kuku wa kitongoji kizima kwa chupa moja. Hakuna njia ya haraka kuliko hiyo ya kuongeza mayai katika nyumba ya kimaskini.

Ufugaji wa mabandani

Mfumo wa tatu umekua kwa kasi kuliko mingine tangu miaka ya 1980. Kuku wa nyama wa kisasa hufikia uzito wa kuuzwa ndani ya wiki tano au sita. Katika mkoa wa Hubei nchini China limejengwa jengo la ghorofa 26 la kufugia nguruwe. Brazil na Marekani hupanda soya na mahindi kwa mamilioni ya hekta ili kulisha mabanda ya nchini na ya ng'ambo. Matokeo yake ni nyama na mayai kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida wa mjini anaimudu. Kwa chipsi kuku ya Ilala na trei la mayai la duka la mtaani, huu ndio mfumo unaofanya kazi.

Gharama yake iko mahali pengine. Mifugo hula takriban theluthi moja ya nafaka zote zinazovunwa duniani, na sehemu kubwa huenda kwa kuku na nguruwe. Hapo mnyama na binadamu hukutana kwenye gunia moja. Mfugaji wa Kitunda hununua mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, soya na dagaa. Mahindi yanapopanda bei, mwenye banda hubanwa kwa wakati uleule ambao mnunuzi wa unga anabanwa. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya nafaka na mafuta mwaka 2022, wafugaji wengi wadogo wa Afrika Mashariki walipunguza kuku au walifunga mabanda.

Hatari nyingine ni dawa. Wanyama wengi wakibanana, magonjwa husambaa upesi, na mfugaji hushawishika kuwapa antibiotiki kama kinga au kichocheo cha kukua. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya antibiotiki kama kichocheo mwaka 2006, kwa kuwa vimelea vinavyozoea dawa bandani huja kuwashinda madaktari hospitalini. Katika miji ya Afrika Mashariki dawa hizo hununuliwa dukani bila cheti, na kuku huuzwa kabla ya siku za kusubiri dawa itoke mwilini kwisha. Mlaji hawezi kuliona hilo kwa macho, kwa hiyo ni kazi ya mamlaka kulipima.

Mfumo huu pia hutegemea mnyororo usiokatika. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, iliingia China mwaka 2018 na kufyeka sehemu kubwa ya nguruwe wa nchi hiyo. Qatar, ilipowekewa vikwazo na majirani zake mwaka 2017, ilijikuta imekatiwa maziwa ya Saudi Arabia, na kampuni ya Baladna ikasafirisha maelfu ya ng'ombe kwa ndege hadi jangwani. Nchi tajiri iliweza kununua suluhisho hilo. Nchi maskini haiwezi, na kwake wafugaji wa ndani ndio akiba.

Magonjwa yasiyojua mipaka

Historia ya Afrika Mashariki inathibitisha kwamba afya ya mnyama ni sehemu ya usalama wa chakula. Sotoka iliyoingia mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi kupita kiasi, ikaleta njaa kwa Wamaasai na jirani zao wakati uleule ambapo wakoloni walikuwa wanaingia. Chanjo iliyotengenezwa na Walter Plowright huko Muguga, Kenya, karibu na mwaka 1960, ndiyo iliyofungua njia ya ushindi. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani, ugonjwa wa pili katika historia kufutwa baada ya ndui. Hatua za mwisho za kampeni zilisaidiwa na wahudumu wa mifugo wa jamii, walioibeba chanjo hadi kwenye maboma yasiyofikiwa na gari.

Magonjwa mengine bado yapo: ndigana kali inayoenezwa na kupe, sotoka ya mbuzi na kondoo, homa ya mapafu, na homa ya Bonde la Ufa iliyoua watu na mifugo Kenya na Tanzania mwaka 2006 na 2007. Mlipuko huweza kufunga minada na kupandisha bei mjini, na pia kufunga masoko ya nje. Tanzania iliuza nje chini ya tani 2,000 za nyama mwaka 2020/21, na mwaka uliofuata ikavuka tani 10,000, nyingi zikiwa za mbuzi na kondoo kwenda nchi za Ghuba. Mnunuzi wa Muscat au Doha huuliza kwanza cheti cha afya. Ndiyo sababu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo kwa hereni, iliyozinduliwa mkoani Simiyu Juni 2025, ni kazi ya chakula na biashara kwa pamoja.

Ardhi na tabianchi

Mwaka 2013 FAO ilikadiria kuwa ufugaji huchangia asilimia 14.5 ya gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu. Makadirio yake ya mwaka 2023 yakawa karibu asilimia 12. Sehemu kubwa ni methani ya wanyama wanaocheua. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haiwaangukii wote kwa uzito mmoja. Mlaji wa Marekani hula zaidi ya kilo 100 za nyama kwa mwaka, ilhali takwimu za Wizara ya Mifugo na Uvuvi zimekuwa zikimweka Mtanzania kwenye kilo 15 hivi. Kwa wa kwanza, kupunguza nyama ni faida kwa afya na kwa hewa. Kwa mtoto wa wa pili, yai moja zaidi ni lishe. Njia inayofaa Tanzania ni kupunguza gesi kwa kila lita na kila kilo: ndama wasife, ng'ombe azae mapema, malisho ya kiangazi yahifadhiwe, na maziwa yasimwagike.

Ardhi ndiyo kiini cha migogoro. Mapigano ya Kilosa ya Desemba 2000, yaliyoua watu 38 katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, yalionyesha kinachotokea njia za mifugo zinapolimwa na malisho yanapokosa mwenyewe kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu vijiji kupanga matumizi ya pamoja. Wilayani Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikubaliana kulinda malisho yao kwa pamoja, yakapimwa na kuwekewa hati. Mpango wa namna hiyo unagharimu kidogo kuliko gharama ya mgogoro mmoja. Unamhusu pia mlaji wa Ilala, kwa kuwa malisho yakifungwa Kiteto, bei hupanda buchani.

Mifugo mingi, lishe haba

Sensa ya kilimo ya 2019/20 ilihesabu karibu ng'ombe milioni 34 Tanzania, idadi inayoiweka nchi miongoni mwa zenye ng'ombe wengi zaidi Afrika. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Linaloshtua zaidi ni mikoa inayoongoza: Iringa zaidi ya nusu ya watoto, Njombe na Rukwa karibu nusu, na hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi. Sababu ni nyingi, kuanzia kazi nzito za akina mama hadi maji yasiyo salama, lakini somo moja liko wazi: tumbo lililojaa ugali halitoshi. Protini ya yai, maziwa na dagaa inahitajika, hata kidogo, katika siku elfu moja za mwanzo za mtoto.

Mjini tatizo hugeuka kuwa bei. Machinjio mapya ya Vingunguti yamesaidia usafi na ukaguzi, na hakuna kinachotupwa: nyama ya paja huenda hotelini, utumbo, vichwa na makongoro huenda kwa mama lishe na wauza supu, ngozi kwa wanunuzi wake. Kwa kaya nyingi za Buguruni, Vingunguti na Tandale, supu ya makongoro na kipande cha utumbo ndiyo nyama inayofikika. Biashara hiyo inastahili meza safi, maji na barafu, badala ya kufukuzwa barabarani.

Mifumo yote mitatu inahitajika. Mabanda yaendelee kutoa mayai na kuku wa bei nafuu, yakichungwa kwa dawa na yakitafutiwa chakula kisichomnyang'anya mtu unga wake. Ufugaji mseto uwezeshwe kwa chanjo, vituo vya maziwa na ushirika unaolipa. Lakini wa kwanza kulindwa awe mfugaji wa malishoni, kwa kuwa ndiye anayezalisha chakula kutoka kwenye ardhi isiyozaa kingine na bila kushindania gunia la mahindi. Serikali za vijiji na halmashauri zinazopanga ardhi mwaka huu ziyapime malisho na kuyawekea hati kabla hayajagawanywa vipande. Yakishakwisha, hakuna kiwanda kitakachorudisha nyama hiyo kwa bei ambayo mkazi wa Ilala anaimudu.